Mtu wa Mwisho Mlangoni: Mazungumzo Kuhusu Mlango wa Nyuma wa Ndege ya Mizigo

Asubuhi hii nawaomba tuzungumze juu ya mlango mmoja tu. Ni mlango wa nyuma wa ndege kubwa ya mizigo, ile iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi, ambayo chini ya mkia wake hufunguka wazi, sakafu ya nyuma ikateremshwa hadi ardhini, na lori likaingia tumboni mwa ndege kwa magurudumu yake lenyewe. Mtaniuliza, mlango wa ndege ya jeshi unatuhusu nini sisi wa Mwanza? Unatuhusu sana. Kwa miaka mingi ndege za aina hiyo zimetua katika kiwanja chetu na viwanja vingine kuzunguka Ziwa Viktoria, zimepakiwa na mikono ya vijana wetu, na baadhi yake zimeishia ndani ya ziwa hili hili. Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia ili lisipotee njiani: usalama wa mlango ule huamuliwa ardhini, kabla ndege haijawasha injini. Kwa hiyo mtu wa mwisho kusimama mlangoni apewe ujuzi wa kuukagua, karatasi ya kuandika alichokiona, na mamlaka ya kuizuia ndege isiondoke.

Tuanze na kazi ya mlango wenyewe. Aliyewahi kuvuka kwa pantoni ya Kamanga, au ya Kigongo na Busisi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025, anaijua kanuni yake. Chombo kinafika ufukweni, mlango unalazwa chini, magari yanashuka kwa zamu na mengine yanapanda, hakuna haja ya winchi wala gati refu. Wabunifu wa ndege za kijeshi walitaka jambo hilo hilo, kwa sababu jeshi hupeleka ndege mahali ambapo hakuna mashine ya kunyanyulia mizigo, wakati mwingine hata lami hakuna. Ndiyo maana C-130 Hercules ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1954, ilipewa sakafu iliyo chini, yenye kimo cha bodi ya lori, mabawa yakawekwa juu ya kiwiliwili na mkia ukainuliwa ili nyuma pabaki wazi. Ilyushin Il-76 ya Kisovieti, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1971, ilifuata mpango huo kwa mwili mkubwa zaidi. Ina matairi 20, ina kibanda cha vioo puani anapoketi mwongoza njia, na kwenye dari ya tumbo lake zimo mashine za kunyanyulia zinazotembea juu ya reli. Ng'ambo ya ziwa letu, Entebbe, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, ulimwengu uliona mlango huo unaweza kufanya nini. Hercules nne za Israeli zilitua kuwachukua mateka wa ndege ya Air France. Ya kwanza ilikuwa bado inatembea kwenye njia ya kurukia mlango wake ulipokwisha kufunguliwa, na muda mfupi baadaye gari jeusi la Mercedes na Land Rover mbili ziliteremka na kuondoka kwa kasi. Ndege yenye milango ya ubavuni peke yake isingeweza kufanya hivyo. Mlango huo huo hutumika pia kuokoa watu wenye njaa. Huko Sudan Kusini, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limetumia Il-76 kudondosha nafaka vijijini. Ndege hushuka chini, hewa ya ndani na ya nje huwa imeshasawazishwa, mlango hufunguliwa, pua ikainuliwa kidogo, na magunia yakateleza yenyewe kwenda nje. Kwa hiyo tusiuone mlango huu kama adui. Ni kifaa chenye manufaa makubwa sana.

Lakini kila kilicho chepesi ardhini hudai malipo yake angani. Ndege ikifika kimo cha mita 10,000, hewa ya nje huwa hafifu mno, msukumo wake ni kama robo tu ya ule tuliouzoea ufukweni mwa bahari. Binadamu hawezi kuishi humo, kwa hiyo hewa hushindiliwa ndani ya ndege ili watu wapumue. Hewa hiyo iliyoshindiliwa husukuma kuta kutoka ndani kwenda nje bila kupumzika. Inasukuma kwa nguvu gani? Chukueni hesabu moja tu: katika kimo hicho, ndege ikiwa imeshindiliwa hewa kikamilifu, kila mita moja ya mraba ya ukuta husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 5. Uwazi wa nyuma wa Il-76 una upana wa mita zaidi ya 3 na kimo cha mita zaidi ya 3. Zidisheni, mtapata nguvu ya kama tani 50, karibu sawa na shehena nzima ambayo ndege ile inaweza kubeba, yote ikitafuta njia ya kutokea nyuma. Mlango wa abiria katika ndege nyingi hautishiki na nguvu hiyo, kwa sababu umetengenezwa mpana kuliko tundu lake na hukaa kwa ndani, hivyo hewa ikisukuma ndivyo mlango unavyozidi kukaza. Sakafu ya nyuma inayoshuka haiwezi kutengenezwa hivyo, kwani kazi yake ni kulala nje. Inashikiliwa na makomeo. Wahandisi huyapanga mengi, huweka na ukuta wa ndani wa kuzuia hewa, huweka taa za kumwonya rubani, na kazi hiyo wameifanya vizuri. Hata hivyo komeo ni chuma. Huchakaa, hupinda, hupata kutu, huchukuliwa vipuri, na huweza kushika nusu huku kwa macho likionekana limeshika lote. Nani atakayejua? Ni yule aliyesimama karibu nalo, ardhini, kabla ya safari. Nasema tena: usalama wa mlango huu huamuliwa ardhini.

Sasa twende kwenye ushahidi, na tuanze kwa jirani zetu wa Kongo. Tarehe 8 Mei 2003, Ilyushin 76 iliyokodiwa kutoka Ukraine ilipaa kutoka Kinshasa kuelekea Lubumbashi, mji wa ndugu zetu wa Katanga wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Ndani walikuwamo askari na polisi waliokuwa wanahamishwa, pamoja na wake zao, watoto wao na mizigo yao. Haikuchukua hata saa moja. Ndege ikiwa juu, katika anga ya Mbuji-Mayi, mlango wa nyuma ukafunguka, hewa yote ikatoka kwa kishindo, na watu wakatoka nayo. Waliosalimika walieleza jinsi walivyong'ang'ania kitu chochote kilichofungwa imara. Rubani alifaulu kuirudisha ndege Kinshasa. Je, wangapi walikufa? Hapa ndipo penye uchungu mwingine. Serikali ilitaja watu wachache, walionusurika wakasema ni zaidi ya 100, na hesabu hizo mbili hazijapata kukutana. Sababu ni kwamba watu walipandishwa pamoja na mizigo, bila viti, bila mikanda, bila orodha kamili ya majina. Mtu asiyeandikwa alipopanda hawezi kuhesabiwa alipopotea. Mama aliyekuwa akimngoja mwanawe Lubumbashi hakuwa na karatasi ya kumwonyesha kama mwanawe alikuwamo au hakuwamo. Tazameni basi, wasikilizaji: yaliyotokea angani yalikuwa na mizizi ardhini. Wale watu walihitaji mtu mmoja mlangoni wa kusema kwamba ndege hii haiondoki mpaka kila mtu awe na kiti, kila jina liandikwe, na kila komeo likaguliwe.

Kuna watakaosema, hayo ni mambo ya nchi zenye vita na upungufu. Mtu anayewaza hivyo ahesabu pia tukio la tarehe 4 Aprili 1975. Marekani, taifa tajiri kuliko yote wakati ule, ilikuwa inawatoa watoto yatima Saigon kwa ndege ya kijeshi ya C-5 Galaxy, miongoni mwa ndege kubwa kuliko zote zilizokuwapo duniani. Dakika chache baada ya kupaa, makomeo ya mlango wa nyuma yaliachia, mlango ukang'oka na kukata mitambo inayoendesha mkia. Ndege ilianguka kwenye mashamba ya mpunga ikijaribu kurudi, na zaidi ya watu 130 wakafa, wengi wao watoto. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya makomeo yaling'olewa vipuri ili kutengeneza ndege nyingine, kisha yakarudishiwa bila kurekebishwa sawasawa. Utajiri wote ule haukusaidia mbele ya kazi ya gereji iliyoachwa nusu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 3 Machi 1974, ndege ya abiria ya Uturuki aina ya DC-10 ilianguka karibu na Paris, na wote 346 waliokuwamo wakafa. Mlango wa mizigo wa upande wa nyuma ulikuwa umefungwa, mkono wake umeshushwa, lakini makomeo ya ndani hayakuwa yameshika. Ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kutoa onyo mwaka 1972, pale mlango wake ulipong'oka katika anga ya Windsor, Kanada, ikabahatika kutua salama. Na lipo jambo moja katika ajali ya Paris ambalo kila mpakiaji wa Mwanza anapaswa kulisikia. Mlangoni palibandikwa maelezo ya namna ya kuhakikisha kwamba makomeo yameshika. Yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza na Kituruki. Mfanyakazi aliyeufunga mlango ule alikuwa Mwalgeria, mtu mwenye lugha zake kadhaa, ila hizo mbili hakuzijua. Onyo lilikuwapo mbele ya macho yake, na halikuweza kumfikia.

Turudi nyumbani. Baada ya dola ya Kisovieti kusambaratika mwaka 1991, ndege nyingi za Il-76 ziliingia kwenye biashara ya kukodishwa, na hapa Mwanza zilipata kazi. Ulaya ilitaka minofu ya sangara ikiwa mibichi, viwanda vyetu viliizalisha, na ndege ile iliweza kubeba hadi tani 50 hivi kwa safari moja. Ndani ya ndege hizo maandishi ya kwenye mitambo, swichi na milango yalikuwa kwa kawaida ya Kirusi. Waliokuwa wakipakia maboksi ya minofu walikuwa vijana wa Pasiansi, Kitangiri na Igombe, wanaozungumza Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kiswahili. Je, tofauti yao na yule Mwalgeria wa Paris ilikuwa ipi? Kisha tarehe 23 Machi 2005, Il-76 iliyosajiliwa Moldova, ikiwa na shehena ya samaki, ilipaa kutoka Mwanza na muda mfupi baadaye ikaanguka ziwani. Wote 8 waliokuwamo walikufa. Tarehe 9 Machi 2009 Il-76 nyingine ilipaa kutoka Entebbe kuelekea Mogadishu, ikaanguka ziwani na kuua watu 11. Sidai kwamba milango ya nyuma ndiyo iliyoziangusha ndege hizo mbili, na msinielewe hivyo. Ninachosema ni kwamba ndege zile zilifungwa, zilipimwa na kuruhusiwa kwenye fukwe zetu, na sisi tulikuwa wenyeji wake. Katika miaka hiyo kulikuwa na mjadala mkali kuhusu ndege za Mwanza. Filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyotoka mwaka 2004, ilidokeza kwamba ndege zinazochukua samaki zilikuwa zikileta silaha Afrika, na Rais Kikwete aliipinga hadharani mwaka 2006. Tulibishana sana juu ya kilichoingia na kilichotoka mlangoni. Ingekuwapo karatasi iliyosainiwa na mkaguzi wetu kwa kila ndege, ikionyesha kilichoshushwa, kilichopakiwa, uzito wake na hali ya makomeo, ingejibu maswali mawili kwa pamoja: lile la ajali na lile la tuhuma. Mlango uliokaguliwa huzima uvumi, na huokoa maisha.

Sasa nizijibu hoja za wanaonipinga, kwa sababu zipo, na baadhi zina uzito. Hoja ya kwanza inasema kwamba kufunga mlango ni kazi ya wafanyakazi wa ndege, ambao wamesomea, na mtu wa kiwanja hapaswi kuingilia. Nakubali kwamba kufunga ni kazi yao. Lakini mfanyakazi wa ndege analipwa na mwenye ndege, na mwenye ndege analipwa na mwenye mzigo, na wote watatu wanataka ndege iondoke. Ni haki kumtwika mtu mmoja kazi ya kufunga mlango na pia kujihukumu kama ameufunga vizuri? Jicho la pili linalotakiwa ni la mtu asiyepata hata shilingi moja kwa ndege kuondoka mapema. Hoja ya pili inasema teknolojia imeshamaliza tatizo hili, kwamba ndege za sasa zina vihisio na taa za kuonya. Vifaa hivyo ni vizuri na vimeokoa wengi. Ila DC-10 ya Paris nayo ilikuwa na taa ya kuonya, na taa ile iliwaambia marubani kwamba mlango umefungwa. Taa husema kile ilichounganishwa nacho. Haijui kama mzigo umefungwa kwa minyororo ya kutosha. Tarehe 29 Aprili 2013, huko Bagram, Afghanistan, ndege ya mizigo ya Boeing 747 ilipaa ikiwa na magari ya kijeshi, gari likachomoka kwenye vifungo vyake na kurudi nyuma hadi kuharibu mitambo ya mkia, na watu 7 wakafa. Hakuna taa iliyokuwa ikihesabu mikanda. Huhesabiwa na mtu anayeinama, anayeshika mkanda mmoja mmoja na kuuvuta.

Hoja ya tatu ni ya wafanyabiashara, na naiheshimu kwa sababu inatoka kwa watu wanaotoa ajira. Wanasema samaki hawasubiri. Kila saa ndege inapokaa kiwanjani, barafu inayeyuka, ubora unashuka, na mnunuzi wa Ulaya anaweza kuukataa mzigo. Ni kweli. Lakini hebu tukumbuke kilichotupata mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria zaidi ya mara moja kwa sababu za usafi na afya. Tulifanya nini? Tulijenga maabara, tukaweka wakaguzi viwandani, tukaanza kuandika kila hatua kuanzia boti hadi boksi. Wenye viwanda walilalamikia gharama, kisha ukaguzi ukawa sehemu ya kazi, na ndio uliolirudisha soko. Leo hakuna mwenye kiwanda anayesema ukaguzi wa minofu unachelewesha biashara, kwa sababu anajua bila huo hana biashara. Tulijifunza kukagua samaki kabla hajapanda ndege. Nauliza, je, ni jambo gumu kukagua mlango wa ndege inayombeba samaki huyo? Ukaguzi ukipangwa mapema, ukafanyika wakati upakiaji unaendelea badala ya kungoja mwisho, hauli muda mwingi. Kinachokula muda ni kukosa utaratibu.

Hoja ya nne inasema ndege za kijeshi ni siri ya dola, na ndege za kigeni zina wenyewe. Tuitazame kwa makini. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga, ambao Tanzania imo, unaipa kila nchi haki ya kuzikagua ndege za kiraia za nchi nyingine zinapotua na zinapoondoka, mradi isizicheleweshe bila sababu. Il-76 nyingi zilizokuja Mwanza kuchukua samaki zilikuwa zinafanya kazi ya kibiashara, kwa hiyo haki hiyo tulikuwa nayo. Kwa ndege za dola, zikiwamo za jeshi, mkataba huo huo unasema haziruhusiwi kupita wala kutua katika nchi nyingine bila kibali maalumu. Basi kibali ni chetu, na mwenye kutoa kibali anaweza kuweka masharti. Na kwa ndege za jeshi letu wenyewe nasema hivi kwa heshima zote: safari inaweza kuwa siri, na kilichomo kinaweza kuwa siri, lakini uzito wa mzigo na hali ya komeo havimnufaishi adui yeyote vikikaguliwa na mkaguzi wa kijeshi asiye chini ya kamanda wa safari hiyo. Askari ni mtoto wa mtu. Waliotoka kwa ule mlango wa Kongo walikuwa askari na familia zao.

Hoja ya mwisho ndiyo inayosikika zaidi mitaani: ndege hizo siku hizi hazionekani sana Mwanza, minofu mingi inakwenda kwa malori yenye majokofu hadi viwanja vingine kama Entebbe na Nairobi, sasa ya nini kusumbuka? Nina majibu mawili. La kwanza, mizigo ya anga inarudi. Shirika letu la ndege, ATCL, lilipokea ndege yake ya mizigo ya Boeing 767 mwezi Juni 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54, na watu wa Kanda ya Ziwa wamekuwa wakidai kwa haki kabisa kwamba samaki wao wapakiwe Mwanza. Ndege hiyo hupakiwa kwa mlango wa ubavuni, lakini mzigo wake nao hupimwa, hufungwa na kukaguliwa na watu walio ardhini. Na kukitokea maafa katika nchi jirani, ndege zenye mlango wa nyuma zitakuja tena, kama zilivyojaa Entebbe mwaka 1994 zikipeleka misaada kwa wakimbizi wa Rwanda. Siku hiyo haitakuwa siku ya kuanza kufundishana. Jibu la pili ni zito zaidi. Ugonjwa huu tumeuona majini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, mamia ya ndugu zetu wakafa, na idadi yao ikabishaniwa kwa sababu wengi waliopanda hawakuandikwa popote. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kubeba watu 101, kilipinduka hatua chache kabla ya gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kwenye maji na kwenye anga, swali ni lile lile: nani alisimama mlangoni, aliandika nini, na je, alikuwa na uwezo wa kusema hapana?

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, tufunge hesabu. Nimesema mlango wa nyuma una manufaa makubwa, nikasema nguvu inayousukuma angani ni kubwa mno, nikaonyesha kwamba Kongo, Saigon na Paris chanzo cha msiba kilianzia ardhini. Kinachotakiwa ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mtambo wa gharama. Kwanza lugha. Kila mtu anayepakia ndege katika viwanja vyetu apewe maelekezo kwa Kiswahili, kwa maneno na kwa michoro, aonyeshwe kwa mikono komeo lililoshika na lisiloshika linavyoonekana, na ndege ya kigeni isiyo na maelezo yanayosomeka ibandikwe karatasi yetu mlangoni. Pili karatasi. Uzito uliopimwa kwenye mizani, namna mzigo ulivyopangwa na kufungwa, majina ya kila aliyepanda, na hali ya mlango, vyote viandikwe, visainiwe, na nakala ibaki kiwanjani. Ndege ikianguka na karatasi ikaanguka nayo, hatuna ushahidi. Tatu mamlaka. Wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) wanayo kwa mujibu wa sheria, lakini mkaguzi hawezi kuwa kila mahali. Mpakiaji anapaswa kuwa na haki ya kusimamisha upakiaji na kumwita mkaguzi, na haki hiyo ilindwe ili asifukuzwe kibarua kesho yake.

Nawageukia wapakiaji wenyewe, kwa sababu najua mko mnaosikiliza. Kazi yenu huhesabiwa na wengi kuwa ya misuli tu. Leo mmesikia kwamba mamia ya watu walikufa katika nchi tajiri na maskini kwa sababu kazi ya ardhini, karibu na mlango, haikufanywa au haikukaguliwa sawasawa. Ukiona mkanda umelegea, komeo limepinda, mlango unaofungwa kwa kusukumwa na watu watatu, au abiria anaketishwa juu ya maboksi, usinyamaze. Sema, na ukisema, sisi wengine tuna wajibu wa kusimama nawe: wenye viwanda, wakuu wa kiwanja, viongozi wa mkoa, na sisi wa redio. Rubani aliye mbele hauoni mlango ulio nyuma yake. Anategemea neno la aliyeuona.